Giga Moja na Nusu

Sipiyu ya kompyuta ilikaa chini ya meza, imekuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, na kila ilipowashwa ilikohoa kwanza kabla ya kuamka. Watu walikuwa wamemwambia Mama Mkasi aitupe, akawatolea macho. Atupe mashine inayojitahidi hivyo, wakati wako binadamu wazima wanaokula na kulala bure!

Jina la Mama Mkasi alipewa na wateja. Studio ile ya picha ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, na kwa zaidi ya miaka ishirini yeye ndiye aliyekata picha za paspoti hapo, kwa mkasi na kwa kile kikatio chake cha mkono mrefu, na hakuna sikio la mteja lililowahi kupotea mikononi mwake. Alikuwa mwanamke wa kunyoosha mambo. Kitu kikienda upande alikinyoosha, na kisiponyooka alikigombeza.

Asubuhi ile alikuwa anagombeza faili. Alilibonyeza mara ya nne. Kioo kikawa cheupe, kile kisaa cha mchanga kikaanza kugeuka, feni ikavuma kwa nguvu, kisha kikajitokeza kisanduku kile kile cha kijivu chenye maneno yale yale: memori haitoshi.

"Haitoshi nini, wewe?" akafoka. "Si ulikuwa unalifungua faili hili huku unapiga miayo!"

Kutoka chumba cha nyuma mama yake akauliza, "Unagombana na nani huko? Kuna mteja?"

"Hakuna mteja, Mama. Nagombana na mashine."

"Haya. Usikubali kushindwa."

Mama Mkasi akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Wiki mbili zilizopita alikuwa amempeleka mama yake kwa daktari wa macho. Daktari alizungumza polepole, kwa heshima, na hakuzunguka. Presha ya macho ilikuwa imekula pembeni kote. Kilichobaki ni duara dogo la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaendelea kuziba. Pengine miezi sita, pengine chini ya hapo. Dawa ingechelewesha tu.

Njiani kurudi nyumbani mama hakulia wala hakulalamika. Alitembea ameshika mkono wa binti yake, anageuza kichwa huku na huku kama kuku, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anaona siku hizi, kipande kimoja kimoja. Walipofika mlangoni akasema, "Sitaki mnipeleke popote wala mninunulie chochote. Nataka kuiona ile picha ya watu wote. Basi."

Picha ya watu wote ndiyo iliyokuwa ndani ya faili lile lisilofunguka. Na hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwenye haraka atatusamehe.

Zamani studio ilikuwa ya watu wawili. Mama Mkasi alipokea wateja na kukata. Mdogo wake wa kiume alipiga picha. Huyo wateja walimwita Flashi, kwa sababu alikuwa mwepesi, anachekacheka, na akishaingia chumbani huwezi kusema hukumwona. Ukutani walitundika pazia kubwa lililochorwa ngazi: ngazi pana ya jumba la kifahari, yenye mkono wa kushikia na chungu cha maua, inayopanda kwenda kusikojulikana. Nyumba nzima haikuwa na ngazi hata moja, ila mjini kote hapakuwa na mtu wa maana ambaye hakuwahi kupigwa picha amesimama chini ya ngazi ile. Wasio na koti waliazimwa koti la studio na tai ya studio. Koti lilikuwa moja, limetoka kwenye harusi ngapi hakuna ajuaye, nalo lilimkaa kila mtu vibaya kwa usawa.

Kompyuta ilipokuja, ilikuja imechoka tayari, imeondolewa kwenye ofisi fulani. Ndani ilikuwa na kipande kimoja cha memori, ile mafundi wanayoiita RAM, cha nusu giga. Flashi akajifunza programu ya kutengeneza picha kutoka kwenye sidii, na baada ya mwezi mashine ikaanza kukwama, maana alikuwa anaibebesha mzigo kupita nguvu zake. Basi akaenda huko alikokwenda, akarudi na kipande kingine, cha giga moja.

"Huwezi kuchanganya," Mama Mkasi alimwambia siku hiyo. "Hii nusu, ile nzima. Zitapigana."

"Dada, hizi si mabondia."

"Fundi mmoja aliniambia lazima zilingane. Weka baiskeli gurudumu moja kubwa na moja dogo uone utafika wapi."

"Nitafika taratibu nikiwa nimeinama mbele," alisema Flashi, na akafungua kifuniko.

Akachomeka ile giga moja kwenye sloti, tundu la memori lililokuwa wazi, akawasha. Kioo kikabaki cheusi. Sipiyu ikalia pi, pi, pi, mara tatu. Mama Mkasi akapiga makofi kwa ile furaha mbaya ya mtu aliyeonya. "Nilisema! Nilisema au sikusema?"

Flashi alikaa amechuchumaa, ulimi umetoka nje kidogo kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni. Kisha akazing'oa zote mbili na kuzibadilishia nafasi: kubwa akaiweka sloti ya karibu na feni, ndogo ikakaa nyuma yake. Akawasha. Namba za memori zikaanza kupanda kwenye kioo cheusi, zikafika pale zilipokuwa zikikomea siku zote, zikapapita. Wakajikuta wote wawili wanazihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, na mama yao akatoka chumbani kuja kuuliza kama wamepagawa.

"Kubwa kwa feni!" alipiga kelele Flashi. "Dada, siri ni kubwa kwa feni!"

Tangu siku hiyo neno hilo likawa la nyumbani. Benchi likigoma kupita mlangoni, mtu alisema kubwa kwa feni, wanaligeuza, linapita. Mama akipanga masufuria akakosa nafasi, kubwa kwa feni. Mgeni akiwasikia alidhani ni wendawazimu, nao hawakuona sababu ya kumweleza.

Ile giga moja na nusu ndiyo iliyozaa picha ya watu wote. Mama yao alikuwa opereta wa simu. Miaka thelathini alikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya, akiunganisha sauti za watu waliotengana, naye ndugu na wakwe zake mwenyewe walikuwa wametawanyika kwa ajili ya kazi, huyu kusini, yule kaskazini, mwingine hata hajulikani yuko wapi mwezi huu. Hawakuwahi hata siku moja kukaa wote chumba kimoja. Flashi akasema atawakalisha yeye. Akakusanya picha zao, nyingine zimeliwa na mende pembeni, nyingine za leseni na vitambulisho. Mjomba, dereva wa malori, alitolewa kwenye leseni yake akiwa amekunja uso. Shangazi muuguzi alitolewa kwenye picha ya mahafali. Bibi, aliyekuwa amefariki, alipatikana kwenye picha moja tu, amegeuka anamwita mtu. Kila mmoja Flashi alimkata kwa kipanya, taratibu, unywele kwa unywele, akamweka kwenye tabaka lake, kisha akampandisha kwenye ngazi ya pazia. Watu thelathini na saba. Faili likaumuka kama unga uliotiwa hamira kupita kiasi.

Na wateja wakawa wanasubiri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu anataka picha nne za paspoti, ana haraka, amekaa kwenye benchi anatikisa mguu, na Flashi yuko kwenye kompyuta anamlainishia shangazi kiwiko. Mama Mkasi alivumilia mwezi, akavumilia wa pili. Siku moja mteja wa tatu alipoinuka na kuondoka, uvumilivu ukamwishia.

"Unacheza na wafu," alisema, "na walio hai wanakusubiri kwenye benchi!"

Flashi akageuka. Uso ule wa kuchekacheka ulikuwa umezimika kabisa. "Na wewe," akasema, "unachojua ni kukata tu."

Maneno machache hayo. Mama Mkasi aliwahi kusikia matusi makubwa zaidi sokoni na akacheka. Haya hayakumchekesha.

Mama akamwita mjomba aje kupatanisha. Loo, bora angemwita mtu yeyote mwingine! Mjomba alikuwa mtu wa kupakia na kupakua. Alisikiliza pande zote mbili dakika kumi, akaomba maji, akasema dawa ni kugawana, kila kitu katikati, asiwepo wa kunung'unika. Wakagawana. Viti viwili huku, viwili kule. Mama Mkasi akapata koti, Flashi akapata tai. Kompyuta ikabaki kwa dada, kamera ikaenda na mdogo. Walipofika kwenye pazia la ngazi kila mmoja akang'ang'ania, na mjomba, ambaye alikuwa na safari jioni hiyo, akasema likatwe. Mama Mkasi akachukua mkasi na kulikata mwenyewe, mstari umenyooka kama wa rula. Ngazi za chini zikabaki naye. Za juu Flashi alizikunja, akazitia kwapani.

Hata hapo hasira ilikuwa haijamtosha. Alipiga magoti, akafungua kifuniko cha sipiyu, akaing'oa ile giga moja na kumsokomeza mdogo wake kwenye mfuko wa shati. "Na hii yako. Usije ukasema nilikudhulumu."

Flashi aliutazama mfuko wake. Akatoka.

Hiyo ilikuwa miaka tisa nyuma. Tangu hapo wateja wa Mama Mkasi walisimama chini ya ngazi zinazopanda hadi mahali pa kiuno halafu zinaishia kwenye ukuta mtupu. Yeye alinunua kamera ndogo, akajifunza, akaendelea. Na kila Jumatano saa nne alitoka kwenda kununua karatasi za picha, hata kama karatasi zilikuwepo tele kabatini, na hakurudi hadi saa saba. Kwa sababu Jumatano ndiyo siku ambayo Flashi alikuja kumwona mama. Hakuna aliyepanga hivyo. Kabla ya kutoka alijaza chupa ya chai na kuacha vikombe viwili, na akirudi alikuta viwili vimeoshwa na kupinduliwa. Mama hakupeleka salamu wala hakuleta. "Nimeunganisha simu za watu miaka thelathini," alisema. "Nimestaafu. Za kwenu pigeni wenyewe."

Sasa turudi kwenye asubuhi yetu.

Mama Mkasi alimwita fundi wa kompyuta wa duka la pili, dada mmoja mwembamba ambaye watu walimwita Kifutio, kwa kuwa ugonjwa wa kwanza wa kila mashine kwake ulikuwa uchafu, na dawa yake ya kwanza ilikuwa kifutio cha penseli. Kifutio alifungua sipiyu, akapuliza vumbi, akakohoa.

"Mama, kwa nini usihamishe faili mashine mpya?"

"Nimejaribu. Programu za siku hizi hazilitambui. Linafunguka ngazi tupu, watu hawamo."

"Basi tuweke programu ile ya zamani."

"Sidii yake ilipasuka."

"Tuhamishe diski nzima?"

"Tulihamisha. Kioo kikawa cha bluu, kikatuandikia mambo ya kutisha."

Kifutio akakuna kichwa. Sloti zilikuwa mbili tu. Alikuwa na kipande kimoja cha RAM ya aina ile ya kizamani, cha robo giga, alichokitunza mwenyewe hajui kwa nini. Akakisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio, akakichomeka. Mashine ikakubali, nusu na robo, bila ubishi, maana vyote vilikuwa vidogo. Mama Mkasi akabonyeza faili huku roho iko juu. Kisaa cha mchanga kikageuka, kikageuka tena. Wakanywa chai. Mteja akaja, akapigwa, akakatiwa, akaondoka. Baada ya saa nzima kioo kikaganda kabisa na kipanya kikawa hakisogei.

"Haifiki," alisema Kifutio. "Hapa panataka giga moja. Nilishazunguka maduka yote, Mama, hii aina haipo tena, wameyeyusha zote." Akainama, akachungulia ndani kwa tochi. "Lakini hii nusu yako ilikuwa na mwenzake. Sloti hii ya mbele imewahi kutumika. Mwenzake yuko wapi?"

"Alihama," alisema Mama Mkasi.

Ilikuwa Jumanne.

Jumatano ikafika. Saa nne kasorobo akajaza chupa ya chai. Akachukua mkoba, akavaa viatu, akafika mlangoni. Akasimama hapo na mkono kwenye kitasa muda mrefu kiasi kwamba mama, aliyekuwa amekaa kitandani anakunja nguo kwa kupapasa, akauliza, "Karatasi zimekwisha tena?"

"Zipo," alisema Mama Mkasi. Akavua viatu. Akatoa kikombe cha tatu kabatini, akakiweka karibu na vile viwili, akakaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani. Alikuwa na woga, na tusimfiche: mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, moyo unamdunda kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Itakuwaje akigeuka na kuondoka? Itakuwaje kama kile kipande alikitupa siku ile ile, kwenye mtaro wa kwanza? Ungemlaumu?

Flashi aliingia na mfuko wa machungwa na begi lake la kamera begani. Alikuwa amepungua nywele. Akamwona. Mguu mmoja ulikuwa ndani na mmoja nje, na kwa dakika nzima miguu haikujua iende wapi. Kisha mazoea ya utotoni yakamtoka kinywani kabla hajayazuia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Mama Mkasi, kabla naye hajaamua atajibu nini.

Chumbani mama aliacha kukunja nguo.

"Macho ya Mama," alisema Mama Mkasi. "Unajua."

"Najua."

"Anataka picha ya watu wote. Haifunguki. Memori haitoshi." Akamtazama usoni. "Nilikosea kuing'oa. Nilikosea na yale mengine pia. Sasa sijui kama bado unayo, na kama huna sitakulaumu."

Flashi akaweka machungwa chini. Akafungua zipu ya begi, mfuko wa pembeni, akatoa kasha la miwani. Mama Mkasi alilitambua hapo hapo: kasha la zamani la mama yao, la rangi ya kahawia, lililokuwa na alama ya jino la mmoja wao tangu utotoni. Akalifungua. Ndani, kwenye kitambaa cha kufutia lenzi, ililala ile giga moja, safi, meno yote yanang'aa.

"Unatembea nayo?" alinong'ona.

"Kila Jumatano," alisema Flashi. "Nilikuwa nasema, siku nikikukuta nyumbani nitakurudishia."

Mama Mkasi akajifunika uso kwa viganja vyote viwili na kulia, bila aibu, kwa sauti, kwenye benchi la wateja. Miaka tisa! Yeye alikuwa anatoka ili mdogo wake aweze kuingia, na mdogo wake alikuwa anaingia akiomba amkute. Ungewagonganisha vichwa.

"Haya, haya," ikaja sauti ya mama kutoka chumbani, nayo ilikuwa na maji. "Mkimaliza nipeni chai."

Flashi akachuchumaa mbele ya sipiyu, ulimi nje. Magoti yakalia. Alichomoa ile robo ya Kifutio, akang'oa na nusu ili aifute, akachomeka moja, akachomeka nyingine, akawasha. Kioo cheusi. Pi, pi, pi.

"Imekufa," alisema, na rangi ikamtoka usoni. "Dada, nimeiua kwa kuibeba."

Mama Mkasi alikuwa bado anapangusa macho kwa ncha ya kanga. Akachungulia juu ya bega lake. "Kubwa kwa feni, wewe," akasema.

Flashi akamwangalia. Akaangalia mikono yake. Alikuwa ameweka ndogo mbele. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani cha kutikisa mabega, na dada yake akacheka, na kule chumbani mama akacheka hadi akakohoa. Akazibadilisha. Namba zikapanda, zikafika zilipokuwa zikikomea, zikapapita. Safari hii hawakuhesabu kwa sauti, ila midomo ya wote wawili ilikuwa inacheza.

Faili lilifunguka taratibu, kwa mwendo wake wa uzee. Kwanza ngazi ikajitokeza, nzima, ya chini na ya juu, bila kovu la mkasi. Kisha watu wakaja, tabaka baada ya tabaka: mjomba na uso wake wa leseni, shangazi na kiwiko chake laini, binamu, wakwe, na juu kabisa bibi, amegeuka kama anayewaita wanaochelewa.

Walimketisha mama karibu na kioo. Hakuweza kuwaona wote kwa pamoja, tundu lake halikuruhusu, lakini alimtembelea mmoja mmoja, kichwa kikisogea kidogo kidogo, na kila alipofika kwa mtu alimtaja na kumsalimu. Alimwambia mjomba apunguze kukunja uso. Kwa bibi alikaa muda mrefu. Kisha akashuka, ngazi kwa ngazi, hadi ya chini kabisa, akaanza kusogeza kichwa kushoto na kulia, kushoto na kulia.

"Nyinyi mko wapi?" akauliza.

Wakaangaliana. Kwenye ngazi ya chini, kando ya chungu cha maua, palikuwa na nafasi tupu ya watu wawili.

"Niliiacha kwa ajili yetu," alisema Flashi. "Nilikuwa nataka tupigwe mwishoni. Nikatafuta picha yetu pamoja, sikupata. Sisi tulikuwa nyuma ya kamera siku zote."

"Basi pigeni sasa," alisema mama.

"Nani atapiga, Mama? Mmoja akipiga, mwingine anabaki peke yake."

"Na mimi niko hapa nafanya nini?"

Hakuna aliyethubutu kusema kilichokuwa kichwani. Flashi akatoa kamera, ile ile ya mgawanyo, akaifungia lenzi pana, akaiweka kwenye miguu yake mitatu, akamwongoza mama hadi jicho lake likagusa kidirisha cha nyuma. Mama Mkasi akatoa lile koti la studio kabatini, akamvisha mdogo wake. Lilimkaa vibaya kama zamani. Wakasimama mbele ya ngazi za chini, bega kwa bega, hawajui mikono waiweke wapi, watu waliowapanga wengine maisha yao yote.

"Mbona mmejipanga hivyo?" alisema mama, jicho kidirishani. Pembeni ya chumba palisimama feni ya studio, inazunguka taratibu. "Kubwa kwa feni!"

Wakabadilishana nafasi. Dada akakaa upande wa feni.

Kidirisha kile kilikuwa kimekichukua chumba kizima na kukifanya kidogo kama stempu ya barua, na stempu inaenea kwenye tundu la ufunguo. Aliona pazia. Aliona koti. Alimwona binti yake na mwanawe, wote wawili, kichwa hadi mguu, bila kugeuza shingo.

Dakika ikapita. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Bonyeza, Mama," alisema Flashi kwa upole. "Hapo hapo kilipo kidole."

"Najua kilipo," alisema mama. "Tulieni kwanza. Nawaangalia."